Wageni wa Kamati ya Kodi

Mama yangu alikuwa na sharti moja tu kuhusu uzee wake: asihamie kwa mtoto wake wa kiume. Si kwa ubaya wowote. Kaka yangu ana nyumba yake Quriyat, mji wa mbali na kwetu, chumba cha mama kimeshapakwa rangi na kutiwa kitanda, na mkewe ni mtu mwema. Hata mimi, ambaye ningependa sana kumsema, sipati pa kuanzia. Lakini mama alikuwa akisema kwamba mle ndani atakuwa mgeni mpaka afe. Akitaka chai atamngoja mwenye jiko. Akija mtu kumtazama, wa kumkaribisha atakuwa mwengine. "Mie nataka nife nna mlango wangu," alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba mlango hauzikwi pamoja na mtu.

Mlango wenyewe ulikuwa Wadi Kabir, huku Oman, ghorofa ya tatu, juu ya gereji ya kunyoosha bodi za magari. Vyumba viwili, sebule, na roshani ambayo hatukai kwa sababu ya harufu ya rangi ya kupulizia. Kutwa nzima chini wanagonga mabati. Baba alipanga hapo wakati mimi bado mwanafunzi, akafia hapo, na sisi tukabaki. Mama sukari imemla miguu, ngazi anazishuka kwa shida, basi dunia yake ni ile sebule. Mimi niliacha kazi ya karani wa shule nipate kukaa naye. Mume nilikuwa naye, tukaachana, na hadithi yake haina ladha.

Serikali inatulipa. Mama analipwa kwa uzee wake, na kaya yetu inaongezewa kwa sababu haina mwenye mshahara. Sisemi kidogo wala kingi. Ila malipo hayo yana kikomo: yakifika mahali yanasimama, hata shida ikiendelea kutembea. Kwa miaka kikomo hicho hakikutusumbua, maana mwenye jengo alikuwa mzee aliyemjua baba na kodi yake ilikuwa ya kizamani. Mzee akafa, watoto wake wakauza jengo, na mwenye jengo mpya akapandisha kodi ikatupita kichwani.

Nilikwenda ofisini Maskati, kule ndani ya ukuta kwenye majengo ya serikali, teksi ikanishusha mbali nikatembea juani. Mfanyakazi wa dirishani alitazama kompyuta yake akaniambia haiwezekani kuongezwa, tumefika saqf, yaani dari. Neno hilo hilo katika Kiswahili chetu limeshuka likawa sakafu. Siku nyengine ningecheka. Nilimuuliza, na mtu aliyefika dari na kodi iko juu ya dari afanye nini? Akanambia, kwa upole kabisa, kwamba ipo kamati ya wahisani ya wilaya kwa ajili ya watu kama sisi: inalipa kile kipande cha kodi ambacho malipo ya serikali hayakifikii. Lakini kwanza watakuja nyumbani kutazama hali. Watapiga simu kabla ya kuja.

Niliporudi nikamweleza mama. Katika maneno yote yale, kodi, dari, kamati, yeye alichukua moja.

"Wanakuja lini?" akaniuliza.

Lazima nieleze hapa jinsi mgeni anavyopokewa kwetu, na msomaji wa pwani anisamehe kwa kuambiwa analolijua. Mgeni akisema anakuja, kilichomleta hakiulizwi. Nyumba inasafishwa kama inaolewa. Zinapangwa sahani juu ya sahani: tende, matunda, halwa, vitu vya mkono wa nyumbani, kahawa katika vikombe vidogo ambavyo havikauki mpaka mgeni mwenyewe akitikise kikombe kuonyesha ametosheka. Mwisho udi, na ukishafukizwa udi unajua ni wakati wa kuondoka. Na katikati ya yote hayo, mgeni akikuuliza hali, unamwambia alhamdulillah. Mtu hamlilii mgeni wake. Mama amekulia hivyo Unguja, akaja Oman akakuta watu wanaishi hivyo hivyo, hakupata hata siku moja ya kujifunza vingine.

Simu ilipigwa siku moja kabla. Mama akaamka na alfajiri, na miguu ile, akakaa kwenye kiti cha jikoni akaanza kukanda unga wa sambusa. Mimi nikatumwa. Jirani yetu wa mlango wa mbele ni dada wa Kitanzania, mtu wa Mwanza, anafanya usafi kwenye maofisi. Kwake nikaazima feni ya kusimama, maana kiyoyozi cha sebuleni kilikuwa kimekufa tangu kabla ya Ramadhani na hatukuwa na cha kukifufulia. Nikaazima na zulia lake jipya. Halwa nikanunua kwa pesa ya umeme. Nikapiga pasi vitambaa vya mito. Mama akanambia pazia la kushoto limekaa vibaya, nikalitengeneza. Yote hayo niliyafanya kwa mikono yangu, mimi niliyekwenda mwenyewe mpaka dirishani kusema kwamba hatuna, na halikunipitikia kichwani hata mara moja kwamba tunajichimbia shimo. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, wamesema wazee, lakini ile yetu ilisitiri vizuri sana, na hilo ndilo lililotuponza.

Wakaja wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa na kishikwambi cha kuandikia. Mwanamke alimsikia mama anaitikia salamu, akamkazia macho, akasema kwa Kiswahili, "Mama, wewe mtu wa Unguja?" Mama yake mwenyewe, akasema, ni mzaliwa wa Pemba. Basi hapo kamati ikafa. Mama hakuwa tena na mkaguzi ndani ya nyumba, alikuwa na mtoto wa mtu. Akamuuliza ukoo wao, mtaa wao, nani kaolewa na nani, na kila jibu likaja na kipande cha halwa.

"Kula mwanangu. Sambusa hizi za nyama, hizi za mboga. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Yule mwanamume akajaribu kurudi kwenye kazi yake. Akauliza kwa Kiarabu kama chakula kinatosha kwa mwezi. Mama akamjibu kwamba kinatosha na kinabaki, alhamdulillah. Akauliza kuhusu joto. Mama akaonyesha feni ya jirani ikizunguka. Akauliza kama kuna upungufu wowote katika nyumba. Mama akafikiri, nadhani alifikiri kwa kweli, akasema labda zafarani kwenye kahawa imekuwa chache, wamsamehe. Mwanamume akaandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na birika la kahawa mkononi, nasubiri vikombe vipungue.

Walipofukizwa udi wakaondoka. Yule mwanamke aliinama akambusu mama kichwani, na mama akakaa siku ile yote ana uso wa sikukuu. Alisema muda mrefu hatukuwa na wageni wa maana.

Jibu lilikuja kwenye simu yangu, kwa Kiarabu safi. Hali ya makazi imeonekana kuwa nzuri. Kaya haikidhi masharti kwa sasa. Tuna haki ya kuomba tuangaliwe upya.

Nilimkasirikia mama. Nilikuwa jikoni, nikatoka na simu, nikamsomea, nikamfasiria neno kwa neno kama mtoto. Nikamuuliza alidhani wale watu walikuja kufanya nini. Nikamwambia tumewalisha pesa ya umeme ili watuandike matajiri.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," akasema mama.

"Kamati haijui methali, mama. Kamati inaandika inachokiona."

"Basi waandike. Ulitaka waingie nyumbani kwangu watoke midomo mikavu?"

"Nataka tusitolewe humu. Ukitaka kwenda Quriyat, sema, nikufungie nguo leo."

Mama aligeuza uso upande wa dirisha, ambako hakuna cha kutazama ila ukuta wa jengo la pili na matangi ya maji. Hasira yangu iliisha upesi, na baada yake haikuja huzuni wala huruma. Hakikuja kitu. Tangu siku hiyo nilianza kufanya mambo kama mtu anayehamisha masanduku: hili hapa, lile pale.

Jirani nilipomrudishia zulia na feni akaniuliza wamesemaje. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, jamani! Mtu amekuja kuangalia umaskini, wewe unampa halwa? Sisi kwetu akija mtu wa msaada hata kuku tunawafungia ndani wasionekane."

Kisha akaona sicheki, akasema tu, "Pole. Safari ijayo msifanye kitu."

Maneno hayo nikayachukua yalivyo. Niliandika ombi la kuangaliwa upya, na nyumbani nikaweka sheria. Nilimwambia mama hatutadanganya, maana najua hawezi na mimi sitaki. Hatutaficha kitu wala kupasua kitu. Tutakaa tu. Wakija watakuta nyumba ilivyo siku isiyo na mgeni: hakuna zulia la mtu, hakuna feni ya mtu, hakuna kinachopikwa, hakuna udi. Wakiuliza, ajibu la kweli.

"Nikae tu," akasema mama, "na mgeni yumo ndani."

"Si wageni, mama."

"Wameingia mlangoni kwangu. Ni nani basi?"

Akaniuliza kama salamu ataitikia. Nikasema salamu aitikie. Akaniuliza kama atasema karibu. Nikafikiri, nikamwambia aseme mara moja na asirudie, maana nilimjua: karibu yake ya pili huja na sinia. Ukimpa nafasi ya maji, maji yatataka tende, tende zitataka kahawa, na kahawa itatutoa nyumbani.

Safari hiyo simu ilipigwa saa moja tu kabla, na sasa naelewa ilikuwa makusudi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati ambao Wadi Kabir milima inarudisha joto kama ukuta wa tanuri na mafundi wa chini wanalala chini ya magari wasionwe na jua. Mama alivaa gauni lake la nyumbani. Mikono aliiweka mapajani, mmoja juu ya mwengine. Nilimwona anatazama meza tupu, kisha anatazama pengine, kisha anairudia meza.

Alikuja yule yule mwanamke, na mwanamume mwengine, mtu mzima zaidi. Ngazi za ghorofa tatu kwa joto lile ziliwaingiza ndani wanahema. Mama akaitikia salamu. Akasema karibuni. Akanyamaza. Mwanamke alimsogelea, nadhani alitegemea kuulizwa habari za mama yake, na mama alitaka kumuuliza, nilimwona mdomo unafunguka. Akanitazama mimi, akaufunga.

Mwanamume akaanza maswali. Kiyoyozi? Kimekufa. Tangu lini? Tangu kabla ya Ramadhani. Dawa za mama? Nyengine tunazipata hospitali, nyengine hatununui. Nyumba inatosha, hali inatosha? Mama alisema neno moja, "Haitoshi." Nimemjua mama yangu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo mbele ya mtu asiyekuwa wa damu yake. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mwengine. Mwanamume akaandika, na kwa anavyoandika mimi nikaona mambo yetu yanakwenda vizuri.

Jasho lilikuwa linamtiririka yule mwanamke chini ya mtandio. Alikohoa, akajipepea na karatasi. Kisha akamgeukia mama, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemwomba mkubwa wake nyumbani:

"Mama, nnaomba maji."

Mama alinigeukia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtoto anavyomwangalia mkubwa, anataka ruhusa. Ana miaka mingi kuliko jengo lile, yuko kwenye kiti chake, na mtu ameomba maji nyumbani kwake, na yeye ananiuliza mimi kwa macho kama ampe.

Maji yalikuwapo. Yalikuwa kwenye friji, chupa nzima, baridi. Nilijua pia kwamba glasi ya maji haimfanyi mtu tajiri, na kwamba hakuna kamati duniani itakayomfungia mtu faili kwa glasi ya maji. Lakini nilimjua mama. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo zamani, nimeshaliamua, na mtu akishaamua jambo mapema siku ikifika halifikirii tena. Nikatikisa kichwa.

Mama akaangalia mikono yake. Mwanamke alisubiri kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Basi, si kitu, mama." Wakaendelea. Wakaingia vyumbani, wakafungua friji wenyewe kwa sababu friji imo katika ukaguzi, na yule mwanamke akasimama mbele ya ile chupa ya maji baridi. Aliitazama. Mwenzake akauliza kuna nini ndani, akamjibu kwa Kiarabu, "Maji tu," akaifunga friji.

Ningetegemea kuona haya. Nilijitafuta, hivi hivi, nimesimama jikoni nyuma yao, nikatafuta haya mahali pake na sikuikuta. Nilikuwa naangalia mgongo wa yule mwanamke na kuwaza kwamba mlango wa friji una mpira uliolegea, na kwamba hilo nalo wameliona, na ni zuri kwetu.

Waliondoka bila udi. Mlangoni yule mwanamke alisema kwaheri na mama akaitikia. Hakusema karibuni tena. Nilifunga mlango, nikamletea mama maji kwenye glasi, akayapokea, akayaweka mezani. Yalikaa pale mpaka yakawa na joto la chumba, nikayamwagia mmea wa roshani.

Siku zilizofuata mama hakufanya lolote la kunilaumu. Alikula, alisali, alimeza dawa. Ila kahawa ya alasiri hakuitaka tena, alisema inamkosesha usingizi. Jirani yetu alipopita na kusimama mlangoni kama desturi yake, "Shikamoo bibi," mama alijibu marahaba, na baada ya hapo hakuna kilichofuata. Jirani alisimama akingoja kuambiwa aingie, kwa sababu miaka yote huambiwa. Mimi ndiye niliyesema karibu. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti, na hakukaa sana.

Safari hii hawakuandika, walipiga simu. Alikuwa ni yule mwanamke mwenyewe, na alizungumza nami Kiarabu tangu mwanzo mpaka mwisho, kiofisi. Tumekubaliwa. Kile kipande cha kodi kitalipwa moja kwa moja kwa mwenye jengo, tusiwe na wasiwasi. Kila mwaka watakuja tena kuangalia hali kama imebadilika, na kwa kuwa faili ni la mama, siku hiyo ni lazima awepo yeye mwenyewe. Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu siku ile, nikaanza kwa Kiswahili, "Dada yangu," na yeye akasema kwa Kiarabu, "Kuna swali jengine?" Nikamwambia hakuna.

Nilikwenda kumpa mama habari. Nilimwambia tunabaki. Hapa ni pako, hakuna wa kukutoa, Quriyat tutakwenda kusalimia na kurudi. Niliyasema yote kwa sauti ya kheri, na nilikuwa sidanganyi, maana hicho ndicho tulichokitaka na tumekipata. Angeniuliza mtu kama siku ile ikirudi ningefanya nini, ningefanya vile vile, maana kodi inalipwa na mama yuko kwenye kiti chake.

Mama alisema alhamdulillah. Chini walikuwa wanagonga bati. Kisha akaniuliza, "Watakuja tena?"

"Kila mwaka, mama. Kutazama tu."

"Siku hiyo unitoe," akasema. "Usinipeleke mbali, hutoweza. Nikalishe chini kwa wale mafundi, juu ya tairi, popote. Wakishaondoka unipandishe."

Hakulia. Alinitazama usoni, anangoja, na nilijua kwamba maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu.

"Inshallah," nikamwambia.